Sema Wimbo

Hotuba kwa wazazi na wanakwaya wa Afrika Mashariki waishio Cork, Ayalandi, jioni moja ya mwezi Machi

Dia dhaoibh, a chairde.

Hivyo ndivyo wenyeji wa hapa wanavyosalimia kwa lugha yao wenyewe: Mungu awe nanyi, rafiki zangu. Anayesalimiwa hurudisha kwa kuongeza, akamtaja Mungu pamoja na Bikira Maria. Wazee wengine humtia na Mtakatifu Patriki, na salamu ikazidi kurefuka. Mimi nimelelewa kwa shikamoo na marahaba, na habari za asubuhi zinazofuatwa na habari za watoto, za kazi na za mifugo. Siku niliyofundishwa salamu hii nilikaa kimya kidogo, maana niliisikia kama ya nyumbani.

Wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana wa kwaya, na ninyi watoto mliokalia mkeka hapa mbele, asanteni kwa kuja. Tupo ndani ya Seachtain na Gaeilge, Wiki ya Kiayalandi. Ilianza mwaka 1902, na siku hizi, ingawa jina lake ni wiki, huchukua siku 17, kuanzia tarehe mosi Machi mpaka sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Nimeombwa niseme machache kabla hatujaimba.

Niwaambie ukweli kilichonisukuma. Mwezi uliopita wazazi watatu walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao lilikuwa moja. Mtoto ana Kiswahili cha nyumbani, ana Kiingereza cha shule, sasa hiki Kiayalandi anachofundishwa ni cha nini? Mmoja aliuliza kama kuna njia ya kumwondoa mwanawe katika somo hilo. Mama mwingine akaniambia, "Mwalimu, hata wenyewe hawakisemi." Siwalaumu. Mzazi anayefanya kazi za zamu mbili ana haki ya kuuliza muda wa mtoto unakwenda wapi. Mimi si mwalimu wa lugha, ni mwalimu wa kwaya, kwa hiyo nitajibu kwa njia ninayoijua.

Nianze na maneno mawili. Mtu wa hapa akitaka uimbe, kwa Kiayalandi atakuambia: abair amhrán. Amhrán ni wimbo. Abair ni sema. Anakuambia: sema wimbo.

Mnaijua ile namna ya kuimba inayoitwa sean-nós, yaani mtindo wa zamani. Mwimbaji yuko peke yake, hana kinanda wala ngoma, mara nyingi amefumba macho. Tuni inajivuta na kujikunja kufuata maneno, kwa hiyo ubeti wa pili hauimbwi sawasawa na wa kwanza. Maneno yamebadilika, basi na tuni ibadilike. Pengine aliyeketi jirani humshika mwimbaji mkono na kuuzungusha taratibu, kama anayemsaidia kuubeba wimbo. Na wapo wanaofika mwisho wakaacha kuimba kabisa, maneno ya mwisho wakayatamka tu kama mazungumzo. Wimbo umekwisha semwa.

Ninyi wa sauti ya tatu mnanijua kwa ugomvi wangu juu ya mkazo. Barabara ni njia ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ni sawasawa ukikaza ya tatu kutoka mwisho. Herufi ni zile zile. Sasa tazameni nyimbo nyingi za kanisani tulizorithi kutoka Ulaya. Tuni zake ziliandikiwa Kijerumani au Kiingereza, lugha ambazo mstari unaweza kuishia kwenye silabi nzito. Neno la Kiswahili haliendi hivyo. Hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha hushuka na kupumzika. Ukiyalaza maneno yetu juu ya tuni ile, Yesu anageuka YeSU, mbingu inageuka mbiNGU, kila mstari, kila Jumapili, nasi tumezoea mpaka masikio hayashtuki tena. Lakini mtunzi aliyezaliwa ndani ya Kiswahili akitunga, hata mtoto wa chekechea huuimba wimbo wake bila kufundishwa mara mbili. Tuni imetoka mdomoni mwake tayari.

Kiayalandi nacho kina mwendo wake. Magharibi na kaskazini mkazo hukaa mwanzoni mwa neno. Huku kwetu kusini irabu ndefu inaweza kuuvuta mbele. Cailín, msichana, kule mkazo uko kichwani na hapa Cork uko mkiani. Tena konsonanti zake ni za aina mbili, nene na nyembamba: bó ni ng'ombe, na beo, ambayo hutamkwa karibu na "byo", ni hai. Mtunzi asiyeyasikia haya atatunga wimbo mzuri kwa Kiingereza kilichovalishwa maneno ya Kiayalandi.

Na hiyo, ndugu zangu, ndiyo hadithi nzima ya muziki wa klasiki wa nchi hii. Kwa muda mrefu sana tuni na maneno viliishi mbalimbali.

Havikuanza hivyo. Alikuwapo mtu aliyeitwa Toirdhealbhach Ó Cearbhalláin, ambaye kwa Kiingereza wanamwita Turlough O'Carolan. Alizaliwa mwaka 1670, ndui ikampofusha akiwa na miaka 18. Bibi mmoja wa ukoo wa MacDermott Roe akamlipia mafunzo ya kinubi, na alipohitimu akampa farasi na mtu wa kumwongoza njia. Kwa miaka mingi alizunguka nchi nzima akitunga nyimbo za kuwasifu waliompokea, na tuni zake zaidi ya 200 zimetufikia. Katika nyumba za wakubwa aliusikia muziki mpya wa Italia, wa Corelli na Vivaldi, akaupenda, akauingiza kwenye kinubi chake. Maneno aliyatunga kwa Kiayalandi. Alipoona mwisho unakaribia alirudi nyumbani kwa bibi yule yule, na hapo akafariki mwaka 1738. Inasimuliwa kwamba matanga yake yalichukua siku nne. Ndani ya mtu huyo Ulaya na Ayalandi vilikuwa vimekwisha kukaa meza moja, na hakuna aliyemwambia achague.

Miaka 54 baadaye, mwezi Julai mwaka 1792, watu wa Belfast waliona kwamba wapiga vinubi wanakwisha, wakawaita waje wapige mbele ya watu. Walikuja Waayalandi 10 na mmoja kutoka Wales. Kati yao alikuwamo mzee Denis Hempson, mwenye miaka tisini na kitu, aliyekuwa bado anapiga kwa namna ya kale: nyuzi za chuma, zinachomolewa sauti kwa kucha ndefu. Akaajiriwa kijana wa miaka 19, mpiga kinanda wa kanisa, Edward Bunting, aandike nota. Kijana aliandika, na kazi ile ikamshika maisha yake yote. Namheshimu sana. Bila yeye nyingi ya tuni zile tusingezijua.

Lakini Bunting hakujua Kiayalandi. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1796, kina tuni 66 zilizopangwa kwa ajili ya piano, na maneno hayamo. Mwenyewe alikuja kuiona kasoro. Mwaka 1802 mwalimu mmoja aliyeijua lugha, Patrick Lynch, alitumwa Connacht, mkoa wa magharibi, akatembea kijiji kwa kijiji akiandika maneno ya nyimbo kutoka vinywani mwa watu. Fikirini kazi hiyo. Kisha kitabu cha pili kikatoka mwaka 1809, na maneno yaliyowekwa chini ya tuni yalikuwa ya Kiingereza. Makaratasi ya Lynch yakafungwa. Ilibidi karne ya 20 ifike, msomi Donal O'Sullivan ayafungue na kuyarudisha chini ya tuni zake, kazi aliyoichapisha kati ya mwaka 1927 na 1939.

Katikati hapo, tuni ilikuwa kitabuni, maneno yalikuwa kwenye makaratasi, na waliokuwa na vyote viwili vinywani mwao walikuwa wanakufa.

Mwaka 1845 viazi viliingiwa na ugonjwa, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni 1. Wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli, na baadhi yao walipandia karibu na hapa, bandari ya Cobh. Walioumia zaidi ni maskini wa magharibi na kusini, na hao ndio waliokuwa wakisema Kiayalandi. Sensa ya mwaka 1851, ya kwanza kuuliza habari ya lugha, ilikuta wasemaji karibu milioni 1 na nusu. Ile ya 1891 ilikuta chini ya laki 7. Njaa haikuifanya kazi hiyo peke yake. Shuleni mtoto alivishwa shingoni kijiti kiitwacho bata scóir, na kila alipoteleza akatamka Kiayalandi kijiti kilichongwa alama. Jioni alama zilihesabiwa, na viboko vikafuata hesabu.

Niliposikia habari za kijiti hicho kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa na mzee mmoja wa kwaya huku Cork, tunakunywa chai. Nilimwambia, mzee wangu, mimi nimekivaa. Chetu kilikuwa kibao cha mbao chenye kamba, katika shule ya bweni niliyosoma, na kosa langu lilikuwa kumwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba bomba linavuja. Nilikivaa tangu saa nne mpaka nilipomnasa mwingine akisema Kiswahili, nikamvisha yeye. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma hadi leo. Mzee yule hakusema kitu. Alinijazia kikombe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Kiayalandi kinatuhusu nini sisi, hapo pana jibu langu la kwanza.

Ukifungua vitabu vya muziki wa klasiki, utakuta Ayalandi imetajwa. *Messiah* ya Handel, ambayo Haleluya yake kila kwaya ya kwetu inaijua, iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. John Field, mzaliwa wa Dublin wa mwaka 1782, ndiye wa kwanza kuzipa tungo zake za piano jina la nocturne, yaani muziki wa usiku, kabla ya Chopin. Ni fahari ya kweli, na nchi ina haki ya kujivunia. Ila katika fahari hiyo hakuna neno hata moja la Kiayalandi, kwa hiyo nipite haraka.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa karne ya 19. Douglas Hyde, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti ambaye Kiayalandi alikiokota utotoni kwa watu wa kawaida wa Roscommon, alikuwa mmoja wa waasisi wa Conradh na Gaeilge mwaka 1893, jumuiya ya kuifufua lugha. Mwaka 1938 akawa rais wa kwanza wa nchi. Jumuiya ile ilifundisha kusoma, ilifundisha kucheza, na ilikuwa na kwaya. Na kwaya, kama mnavyojua, haiwezi kukaa bila kutaka kuimba kitu kikubwa zaidi ya uwezo wake.

Mwalimu wa kwaya hiyo Dublin alikuwa Robert O'Dwyer. Alizaliwa Bristol, Uingereza, kwa wazazi wa Kiayalandi. Ni mtoto wa ughaibuni, kama hawa wetu waliokaa mkekani. Alifika Ayalandi akiwa mtu mzima, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuongoza muziki wa kampuni ya opera iliyozunguka mijini. Huyo ndiye aliyekaa akatunga *Eithne*, opera nzima kwa Kiayalandi, maneno yakiandikwa na padri Tomás Ó Ceallaigh. Ilioneshwa Dublin mwaka 1909 ikarudiwa ukumbi wa Gaiety mwaka 1910. Wenye asili ya Unguja mtanielewa haraka: taarabu iliimbwa Kiarabu mbele ya sultani, mpaka Siti binti Saad alipoiimba Kiswahili na kwenda Bombay mwaka 1928 kuirekodi. Kuna ujasiri wa namna moja katika kuichukua sanaa iliyoaminiwa kuwa ya lugha nyingine na kuiambia, sasa zungumza kwetu.

Lakini *Eithne* baada ya hapo ilinyamaza. Vita vilikuja, uhuru ukaja, umaskini ukaendelea, na nota zikalala. Mwaka 2017 ndipo okestra, kwaya na waimbaji walipoiamsha tena katika Ukumbi wa Taifa wa Muziki, Dublin. Zaidi ya miaka 100. Namfikiria O'Dwyer, aliyefariki mwaka 1949, na zile nota alizoziacha.

Sasa turudi hapa kwetu Cork, maana jiji hili lina deni kubwa kwa mtu mmoja mwenye jina la Kijerumani. Aloys Fleischmann alizaliwa Munich mwaka 1910, wazazi wake wakiwa wanamuziki waliokwisha kuhamia Cork. Alikulia hapa, akawa profesa wa muziki wa chuo kikuu cha hapa tangu mwaka 1936 mpaka 1980. Tungo zake za ujanani, pamoja na nyimbo za Kiayalandi, alizitia jina la Muiris Ó Rónáin. Mtoto wa wahamiaji, alilipenda jambo hili kiasi cha kujitafutia ndani yake jina. Mwaka 1954 alianzisha tamasha la kimataifa la kwaya, lile lile linalojaza jiji letu kila mwaka majira ya kuchipua, ambalo baadhi yenu mmekwenda kulisikiliza mkisimama nyuma kwa kukosa viti.

Na Fleischmann alikuwa na mwanafunzi.

Alizaliwa Cork mwaka 1931 na vyetini aliitwa John Reidy. Alipiga piano ya jazi, akasoma muziki kwa Fleischmann, akafanya kazi redioni, akaenda Paris kutafuta kilichokuwa kipya. Angeweza kubaki huko akawa mtunzi mzuri wa Ulaya kama wengine. Alirudi, akawa mkurugenzi wa muziki wa jumba la maonyesho la Abbey, Dublin, na jina likageuka kuwa Seán Ó Riada. Mwaka 1959 ikatoka filamu *Mise Éire*, yaani Mimi ni Ayalandi: George Morrison aliyeitengeneza aliunganisha picha halisi za miaka ya kupigania uhuru, na maelezo yote ni Kiayalandi. Ó Riada alipewa muziki wake. Alichukua tuni ya *Róisín Dubh*, Waridi Dogo Jeusi, wimbo wa mapenzi ambao watu kwa vizazi walikuwa wakiuimba huku wakimaanisha nchi yao, akaikabidhi kwa okestra ya simfoni ya redio, pembe ikitangulia peke yake na nyuzi zikija chini yake. Isikilizeni mkifika nyumbani. Hakuna mwimbaji ndani yake, lakini aliyeujua wimbo anayasikia maneno. Pembe inavuta pumzi pale ambapo mwimbaji angevuta. Okestra inasema wimbo.

Wengine wangeishia hapo, maana baada ya filamu ile jina lake lilijulikana nchi nzima. Yeye aliunda kikundi kiitwacho Ceoltóirí Chualann, wapiga ala za kienyeji waliovaa suti na kukaa kama wanamuziki wa okestra, naye mwenyewe akipiga hapsikodi, kinanda cha kale chenye nyuzi, kwa sababu katika mlio wake aliusikia ukaribu na kinubi cha kale cha nyuzi za chuma. Mnamkumbuka mzee Hempson na kucha zake? Ó Riada alikuwa anamtafuta. Shairi la Peadar Ó Doirnín, mshairi aliyefariki mwaka 1769, alilitungia tuni, na tuni hiyo, *Mná na hÉireann*, Wanawake wa Ayalandi, imezunguka dunia hata wengi wakadhani ni wimbo wa kale usio na mwenyewe. Kwa mtunzi, sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya jambo lililowashangaza wasomi wenzake. Alikuja kufundisha chuo kikuu hapa Cork, na familia yake akaihamishia Cúil Aodha, kijiji cha milimani kule magharibi, ukishapita Macroom na Baile Bhuirne. Huko ni Gaeltacht, sehemu ambayo Kiayalandi ndicho lugha ya jikoni na ya shambani. Akaanzisha kwaya ya wanaume wa kijiji.

Wakati ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwezi Desemba mwaka 1963, ulifungua mlango ili Misa iadhimishwe kwa lugha za watu. Hapa ndipo njia yetu na yao zinakutana kwelikweli, si kwa mfano tu. Wazee mlio hapa mmesimulia mara nyingi jinsi Kilatini kilivyopisha Kiswahili, na jinsi watunzi wetu walivyoanza kuitungia Misa tuni zenye mapigo ya nyumbani, ngoma na kayamba zikaingia kanisani. Barua ile ile iliyofika Tabora na Peramiho ilifika na Cúil Aodha. Wanaume wale wa kijiji walihitaji Misa ya Kiayalandi, na mtunzi aliyekuwa akiishi jirani akawaandikia. Akatumia njia za sean-nós, sauti za kawaida, tuni inayokwenda kwa mwendo wa sala yenyewe. Baba Yetu yake, *Ár nAthair*, leo inaimbwa makanisani nchi nzima, na watoto wenu wengi wanaijua kwa moyo kutoka shuleni.

Alifariki mwezi Oktoba mwaka 1971, katika hospitali ya London, akiwa na miaka 40 tu. Amezikwa Baile Bhuirne, katika makaburi ya Mtakatifu Gobnait, ambaye watu wa hapa humwomba awaangalizie nyuki. Kwaya ilichukuliwa na mwanawe, Peadar.

Mwaka jana tulikwenda Cúil Aodha watatu, kusali tu. Mvua ilikuwa ya kwao, ile isiyonyesha wala kukoma. Wanaume walipoanza kuimba, mwenzangu wa besi aliniegemea akaninong'oneza, "Mwalimu, hawahesabu." Kweli, sikuona mtu anayehesabu mapigo. Walikuwa wanapumua mwisho wa sentensi. Mimi nimefundisha solfa kwa miaka mingi, nimegonga meza kwa rula mpaka rula zimevunjika, na siku ile nilijifunza kwamba kuna mambo ambayo rula haiyafikii.

Katika kijiji hicho alilelewa mtoto aliyeimba katika kwaya hiyo hiyo, Iarla Ó Lionáird, aliyezaliwa mwaka 1964. Mwaka 2007 mtunzi wa Dublin, Donnacha Dennehy, alimtungia yeye pamoja na kundi la muziki wa kisasa liitwalo Crash Ensemble kazi yenye jina *Grá agus Bás*, Mapenzi na Kifo. Maneno yametoka kwenye nyimbo mbili za sean-nós, na kumzunguka mwimbaji kuna fidla, ala za shaba, ngoma na gitaa la umeme vinavyochemka kama chungu. Vijana, hii ni ya kwenu. Wazee mtavumilia dakika za mwanzo. Mtu anaposema Kiayalandi ni lugha ya makumbusho, mimi humwekea hiyo nikakaa kimya.

Tena mlango haujafungwa kwa wageni. Dáirine Ní Mheadhra na John Hess wameendesha mradi wa kuwaagiza watunzi wa leo nyimbo za sauti na piano juu ya mashairi ya Kiayalandi, na pamoja na nota hutolewa maana ya kila neno na namna ya kulitamka, ili mwimbaji asiyejua lugha aweze kuimba bila kuiharibu. Binti yetu anayesomea uimbaji hana kisingizio tena. Nimemwambia mara mbili, leo namwambia mbele ya mama yake.

Nimrudie mama aliyesema hata wenyewe hawakisemi. Dada yangu, kuna ukweli ndani ya neno lako. Katika sensa ya mwaka 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanakijua, lakini waliosema wanakitumia kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968. Hao hawajazi hata mtaa mmoja mkubwa wa Dar es Salaam. Sisi tuna lugha inayosemwa na mamilioni, kwa hiyo ni rahisi kwetu kusahau ladha ya lugha yenye wasemaji wachache kiasi hicho. Mtoto wako anapojifunza kusema *Go raibh maith agat* badala ya asante ya Kiingereza, muuza mkate wa kule Baile Bhuirne anaongezewa mtu mmoja wa kuzungumza naye. Na mtoto mwenyewe? Mtazame. Amezoea tangu tumboni lugha ambayo maneno hubadilika kichwani: mtoto na watoto, ulimi na ndimi. Kiayalandi nacho hubadilisha vichwa. Bean ni mwanamke, lakini an bhean, na ile b inalainika ikawa v. Watoto wa Kiingereza hulia machozi kwenye somo hilo. Wa kwetu hata hawashangai. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini, nikamwambia wana ngeli.

Sasa tuimbe, maana chai inapoa na watoto wameanza kusinzia.

Tutaanza na *Ár nAthair*, kisha tutafuata na Baba Yetu ya kwetu bila kusimama katikati. Athair ni baba. Ár ni wetu. Ile n iliyojibandika mbele ya Athair imeletwa na neno wetu, kwa hiyo tamkeni "aar na-hir", n ikiwa laini na mkazo ukiwa palepale baada yake. Msiikimbilie. Watoto wataanza peke yao, kwa sababu wao wanaijua kuliko sisi, na watu wazima mtaingia kwenye *go naofar d'ainm*, jina lako litukuzwe. Sauti ya nne, chini kabisa, msipige mapigo kwa mguu. Pumueni sentensi inapokwisha.

Watoto, simameni. Nitawapa do.